Bi Zuhura na Salamu ya Tatu

Nyinyi mnaosomea uongozi wa hospitali, mwalimu wenu ameniomba niwaandikie kurasa chache kuhusu namna ya kuboresha kazi na wafanyakazi. Nafikiri aliona mzee mwenye miwani akadhani ni mtu wa busara. Hajui kwamba mara ya kwanza nilipoboresha zahanati, mtoto alikaribia kufa mbele yangu huku mimi nikiuliza namba. Basi naanzia hapo hapo. Mambo niliyofanya vizuri mtayakuta kwenye faili. Kuna mtu aliyaandika yote kwa uangalifu mkubwa, na mtu huyo ni mimi.

Ilikuwa miaka ya hamsini. Nilikuwa nimetoka chuo kikuu kule Uganda na tai mbili, kalamu ya wino wa kijani, na imani kwamba jambo lolote likichorewa mistari litanyooka. Nikapewa ukarani mkuu wa zahanati ndogo upande wa mashariki wa Nairobi, kati ya Shauri Moyo na Pumwani. Neno "mkuu" lisiwatishe. Karani mwingine hakuwapo.

Tulikuwa watu watatu. Mzee Okumu alikuwa dresa, yaani ndiye aliyetibu. Alijifunza kufunga vidonda vitani Burma na tangu hapo hakuna kilichomshtua, isipokuwa chai isiyo na sukari. Mimi nilikaa dirishani na daftari. Wa tatu alikuwa Bi Zuhura, mjane wa Pumwani, mama wa Kiswahili wa kanga mbili na kandambili zilizosikika kabla yake. Kwenye orodha ya wafanyakazi aliandikwa "yaya". Kazi yake, kwa jinsi nilivyoiona mimi, ilikuwa kupiga domo.

Kila asubuhi, kabla Mzee Okumu hajavaa koti lake, benchi la barazani lilikuwa limejaa. Bi Zuhura alianza mwanzo wa benchi akaenda hadi mwisho, mtu baada ya mtu, na kila mtu alipewa salamu zake kamili.

"Hujambo, mwanangu?"

"Sijambo, mama."

"Watu wa nyumbani?"

"Hawajambo."

"Na wewe usingizi umeupata?"

"Aah, kidogo tu, mama. Huu mguu."

"Mguu una nini?"

Hapo ndipo mguu ulipotolewa. Akishaona, ama alisogea kwa mtu wa pili, ama alimshika huyo mtu mkono akampeleka moja kwa moja kwa Mzee Okumu, hata kama alikuwa amefika wa mwisho. Waliobaki walinung'unika kidogo, kisha wakarudi kwenye habari zao.

Niliketi dirishani na saa yangu, nikampima. Saa nzima na robo ya salamu! Na upendeleo juu yake! Nikaandika ripoti kwa Bwana Daktari, Mzungu aliyekuwa juu ya zahanati zote za upande ule. Nilishauri mambo matatu. La kwanza, kila mgonjwa apewe kibati chenye namba, wa kwanza kufika awe wa kwanza kutibiwa. La pili, karani aandike jina la kila mgonjwa, namba ya nyumba yake, na ugonjwa wake kabla hajaonwa. La tatu niliandika hivi, na sentensi hiyo nimeikumbuka maisha yangu yote: "Nafasi ya yaya haina kazi inayoonekana, na yafaa ifutwe mwisho wa mwezi."

Niliionea fahari hiyo "yafaa".

Bi Zuhura hakujua kusoma, lakini habari ilimfikia siku hiyo hiyo. Alikuja dirishani amekunja mikono ndani ya kanga.

"Bwana Karani, nasikia nafutwa."

"Si wewe, Bi Zuhura. Ni nafasi."

Akaniangalia bila hasira, kama mtu anayemtazama mtoto aliyevaa viatu miguu kinyume.

"Mimi nalala ndani ya hiyo nafasi," akasema.

Nanyi mjue alichomaanisha, maana siku hizi mnapanga nyumba mnavyotaka. Wakati ule chumba cha mtaani kilikwenda na kazi. Kazi ikiisha, askari anakuja na barua, na kitanda chako kinatolewa nje. Bi Zuhura alikuwa na chumba kimoja, na humo alimlea mjukuu wake wa kike aliyekuwa akisoma. Nilijua. Nilijua, nikajiambia kwamba mtu wa maendeleo hatazami chumba cha mtu mmoja. Mkijikuta siku moja mnajiambia maneno kama hayo, simameni, mkanywe maji.

Bwana Daktari alikubali yote matatu. Fundi mmoja wa Shauri Moyo akanikatia vibati kutoka kwenye madebe ya mafuta ya kupikia, akavigonga namba kwa msumari. Bi Zuhura, akisubiri mwisho wa mwezi, nikampeleka bombani kuosha chupa. Kila mgonjwa alikuja na chupa yake ya kutilia dawa, na chupa hizo zilikuwa zimekwisha kuona mambo: mafuta ya taa, asali, pombe ambayo hakuna aliyekiri kuinunua. Zisipooshwa kwa majivu, dawa ya kikohozi iliwaka tumboni. Aliyekuwa akiosha chupa zamani alikamatwa katika msako mmoja akarudishwa kwao, na nafasi yake ilikuwa bado wazi.

Zahanati ikanyamaza. Hilo ndilo nililolipenda zaidi. Benchi zima kimya, kila mtu na kibati chake kiganjani, kama wanafunzi wa darasa zuri. Mzee Okumu alitoa kichwa mlangoni siku ya kwanza akasema, "Kuna msiba?"

"Kuna utaratibu," nikamjibu.

"Aa," akasema, akarudi ndani.

Mimi sikujiuliza kwa nini watu wamenyamaza. Ilikuwa wakati wa Hali ya Hatari, serikali ya kikoloni ikiwasaka wapiganaji wa uhuru. Watu walikuwa wakitolewa vitandani alfajiri wakaulizwa vipande vyao, yaani vyeti vya utambulisho, na nyumba zao. Sasa mimi nilikuwa nimejiweka dirishani, kijana mwenye tai, daftari kubwa na kalamu, anayeuliza kila anayefika: jina, nyumba, unaishi na nani. Nilidhani naandika magonjwa. Wao waliona nini? Waliona ninachofanana nacho.

Jumanne ya wiki ya pili akafika msichana mmoja, mtoto mgongoni, kitambaa kimefungwa vizuri, miguu ina vumbi. Kwa matamshi nikajua ametoka magharibi, karibu na kwetu. Ningeweza kumsalimu kwa lugha ya nyumbani. Lakini laini ilikuwa ndefu.

"Jina?"

"Nekesa."

"Nyumba namba?"

Akatazama daftari langu. "Kumi na mbili."

"Nani anaumwa?"

"Mtoto. Kikohozi kidogo."

"Lakini hajambo?"

"Hajambo."

Nikaandika "kikohozi" kwa wino wa kijani. Nikampa kibati thelathini na saba, nikamwelekeza akaoshewe chupa. Mtoto hakulia hata mara moja, nami nikafurahi kwamba nimepata mtoto mtulivu.

Bomba lilikuwa hatua chache tu kutoka dirishani pangu, nami nilisikia kila neno.

"Karibu, mwanangu. Hujambo?" Bi Zuhura alikuwa amechuchumaa, mikono imejaa majivu.

"Sijambo, mama."

"Nyumbani wote salama?"

"Salama."

Hakumwuliza jina. Hakumwuliza nyumba. Alichukua chupa, akaanza kuisugua polepole, kana kwamba siku nzima ilikuwa yake.

"Na huyu bwana mdogo, leo amekunywa nini?"

Nekesa akageuka akatazama dirisha langu. Nami nikamwona akinitazama. Bi Zuhura akasimama, akapanua kanga yake kama anayejifunga upya, akasimama katikati yetu.

"Huyo haoni hapa. Niambie mimi."

"Tangu jana asubuhi hanyonyi, mama. Kila kitu kinatoka. Usiku alilia. Sasa halii tena."

Bi Zuhura alimfungua mtoto, akamfinya ngozi ya tumbo kwa vidole viwili, akaiachia. Baadaye alinionyesha kwa mtoto mwingine, ndiyo maana najua aliona nini: ngozi haikurudi. Ilibaki imesimama kama kitambaa kilichokunjwa. Chupa ilianguka ikavunjika. Akaja mbio na yule mtoto, kandambili moja imebaki bombani, akalipita benchi zima.

Nami, vijana wangu, nilitoka mlangoni, nikasimama mbele yake, nikanyoosha mkono nikasema, "Namba yake?"

Natamani ningewaambia kwamba sikusema. Nilisema. Mzee Okumu alinisogeza kando kwa mkono mmoja, kama mtu anavyosogeza pazia, akampokea mtoto. Alimpa maji yaliyochemshwa, yenye sukari na chumvi kidogo, kijiko kwa kijiko, huku akinifokea nipige simu gari la wagonjwa lije. Nilipiga. Sauti yangu ilitetemeka mpaka mpokeaji akaniuliza kama mgonjwa ni mimi.

Gari lilimpeleka mtoto hospitali kubwa, mama yake na Bi Zuhura pembeni. Jioni Bi Zuhura alirudi kwa miguu. Mtoto ametundikiwa maji, akasema, na amelia.

"Amelia?" nikauliza.

"Amelia vizuri sana. Ametukana hospitali nzima."

Nikamwuliza kwa nini yule msichana hakuniambia ukweli. Nyumba kumi na mbili niliikumbuka baadaye: ilikuwa ghala la saruji.

"Mumewe anafanya kazi reli," akasema. "Amepewa kitanda, hakupewa chumba. Wanaume wanne chumba kimoja, kila mmoja na pazia lake. Mke haruhusiwi. Wewe ukamwuliza analala wapi. Ulitaka aseme nini?"

"Lakini mimi nilimwuliza pia kama mtoto hajambo."

"Ulimwuliza mara moja." Alikuwa akitafuta kandambili yake gizani karibu na bomba. "Bwana Karani, mtu akiulizwa hujambo, atasema nini? Atasema sijambo. Hata akiwa anakufa atasema sijambo, ndiyo heshima. Ya kwanza ni ya heshima. Ya pili anakutazama, anaona kama una haraka. Ugonjwa uko kwenye ya tatu. Wewe umeniondoa benchini kabla sijafika huko."

Basi ndiyo hiyo kazi isiyoonekana. Miaka yote ile yule mama alikuwa akichagua, katika watu hamsini wanaosema hawajambo, yule mmoja asiyeweza kungoja. Nyinyi siku hizi mna jina refu la kazi hiyo na mnaifundisha darasani. Yeye aliifanya kwa kandambili.

Zilibaki siku tisa mwezi uishe. Nikaenda kwa Bwana Daktari kuiondoa ripoti yangu. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu wa orodha, kama mimi.

"Huyo mama anafanya nini hasa?" akaniuliza kwa Kiswahili chake cha amri.

"Anasalimu, Bwana."

Akaweka kalamu chini. "Kila mtu hapa anasalimu. Hata mbwa wangu anasalimiwa."

Nikamweleza kuhusu mtoto, ngozi, ghala la saruji. Alisikiliza mpaka mwisho, hilo nampa. Kisha akafungua daftari la nafasi za kazi, akapitisha kidole ukurasa mzima.

"Hakuna nafasi ya kusalimu. Na ya yaya imekwisha kufutwa, huko juu wamekubali. Uliandika vizuri mno."

Sijawahi kusifiwa kwa namna iliyoniuma vile. Nikasimama pale, kofia mkononi, nikifikiria kitanda cha Bi Zuhura kikiwa nje kwenye vumbi na mjukuu wake amekalia godoro na vitabu vyake. Ndipo nikakumbuka bomba.

"Na mwosha chupa, Bwana? Nafasi yake iko wazi. Nayo ina chumba."

Akatazama. "Iko wazi." Akanitazama mimi. Nadhani alielewa, maana mdomo wake ulijikunja upande mmoja. "Mweke hapo. Lakini nikija kukagua nataka kuona chupa safi. Zikiwa chafu, nafasi hiyo nayo naifuta."

Nilirudi nikikimbia kama mtoto. Nilipomwambia Bi Zuhura, alifikiri kidogo.

"Kwa hiyo mimi ni mwosha chupa."

"Kwenye karatasi."

"Na benchi?"

"Benchi ni lako."

"Na chupa ataosha nani?"

Sikuwa nimefika huko. Mzee Okumu, aliyekuwa akinywa chai yake mlangoni, akacheka hadi akalazimika kuweka kikombe chini.

Tangu siku hiyo, kila asubuhi, msomi wa chuo kikuu alivua tai, akakunja mikono ya shati, akachuchumaa bombani na debe la majivu. Watu walidhani nimeadhibiwa. Mama mmoja wa Pumwani alinihurumia akaniletea mandazi. Bwana Daktari alikuja kukagua mara kwa mara, akaziinua chupa kwenye mwanga, akasema mwosha chupa wetu ni hodari. Bi Zuhura aliinamisha kichwa akashukuru kwa unyenyekevu mkubwa. Mimi niliinamisha kichwa pia, nikificha kucha zangu.

Mengine tuliyabadilisha taratibu. Swali la nyumba nililitoa mwanzo wa daftari, nikaliweka mwisho kabisa, baada ya dawa, na asiyetaka kujibu hakujibu. Vibati sikuvitupa, kwani watu walipenda kujua zamu yao. Lakini vitatu nilivipaka rangi nyekundu, Bi Zuhura akavifunga kwenye pindo la kanga. Aliyepewa chekundu aliingia mbele ya wote. Siku moja mwanamume mmoja wa Makongeni alilalamika.

"Bi Zuhura, huyo ni shemeji yako? Mbona amepewa chekundu?"

"Ukitaka chekundu nitakupa," akamjibu, "lakini unachukua na ugonjwa wake."

Hakuna aliyeuliza tena.

Nami nikaomba kufundishwa. Siku ya kwanza nilimfuata na daftari dogo, niandike mbinu. Akaninyang'anya penseli.

"Ukiandika, watanyamaza."

Nikajaribu bila penseli. Nilimsalimu mzee mmoja mara tatu mfululizo, hujambo, nyumbani, usingizi, pasipo kuvuta pumzi. Yule mzee akaanza kutafuta kipande chake mfukoni.

"Wewe unauliza kama polisi," Bi Zuhura akaniambia. "Kaa. Mtu amekaa, nawe kaa. Ukishauliza, nyamaza. Usimsaidie kujibu."

Hiyo "usimsaidie kujibu" ilinichukua miaka miwili. Mtu wa chuo hawezi kuona kimya bila kutaka kukijaza. Nyinyi vijana ndiyo zaidi: mnasema "niaje" na mmeshafika mlango wa pili kabla mtu hajafungua mdomo. Siwalaumu. Lakini mkipewa hospitali ya kuongoza, kabla hamjafuta nafasi yoyote, kakaeni karibu na mwenye nafasi hiyo asubuhi nzima, bila saa. Na mkiona kazi ya mtu haionekani, anzeni kwa kushuku macho yenu.

Nekesa alirudi baada ya wiki tatu. Mtoto alikuwa amekonda lakini amekasirika, kila mtu aliyemgusa alipigwa teke. Hakuja kutibiwa. Alikuja hadi dirishani, nami nikasimama nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, salamu zote, bila haraka. Akanijibu zote. Kisha akatoa chupa ndani ya kitambaa akanipa.

"Ile ilivunjika," akasema.

Niliishika kwenye mwanga. Alikuwa ameiosha mwenyewe. Nimepewa vyeti kadhaa katika kazi hii, na sijui hata kimoja kiko wapi. Ile chupa ninayo.

Miaka kadhaa ikapita hivyo, muongo ukawa unakwisha. Mjukuu wa Bi Zuhura akamaliza shule, akaingia kusomea uuguzi. Mzee Okumu akastaafu, akarudi ziwani, akaja dresa kijana aliyekuwa na haraka kama mimi wa zamani. Nami kila asubuhi niliosha chupa.

Asubuhi moja nilikuwa bombani nikahisi kitu kimepungua. Zilikuwa kandambili. Nilisikia watu wakiongea barazani, lakini sikuzisikia zikitembea. Nikainua macho. Bi Zuhura alikuwa ameketi mwisho wa benchi, baada ya mgonjwa wa mwisho, mikono ndani ya kanga. Aliponiona akatabasamu kama anayepumzika tu.

Nikakausha mikono. Nikaenda nikaketi kando yake.

"Hujambo, mama?"

"Sijambo, mwanangu."

"Mjukuu hajambo huko chuoni?"

"Hajambo. Ameandika barua."

Nilitaka kuuliza mengi. Nilitaka kuita dresa, nilitaka kumshika kifundo cha mkono nihesabu mapigo. Nikakaa. Ndege walikuwa juu ya bati. Mtu mmoja akakohoa.

"Na chai," nikasema, "leo umekunywa?"

Nikanyamaza. Sikumsaidia kujibu.

Akatazama kandambili zake kwa muda mrefu.

"Haikupita," akasema kwa sauti ndogo. "Siku ya nne leo. Hapa kifuani kuna kitu kinakataa."

Nikafungua pindo la kanga yake, nikatoa kibati chekundu, nikamwekea kiganjani. Nikamshika mkono, tukalipita benchi zima polepole, na watu wote wakavuta miguu yao kutupisha.

Walimlaza hospitali kubwa karibu mwezi mzima. Nilikwenda kumwona kila Jumapili, nikamkuta kila mara akimsalimu mtu wa kitanda cha pili. Siku aliyorudi kazini alikuwa mwembamba, kanga imemzunguka mara nyingine zaidi, lakini kandambili nilizisikia tangu getini. Alikuja hadi bombani akasimama mbele yangu, akaokota chupa moja niliyokwisha kuosha, akainusa.

"Ile siku ulinisalimu vizuri," akasema.

Nikanyanyua kichwa, mikono imejaa majivu, nimefurahi kupita kiasi.

"Lakini ya pili uliikimbiza," akasema, akanirudishia chupa. "Na hii bado inanuka mafuta ya taa."

Kisha akaenda benchini.